Kabla ya Fasili: Istilahi za Fasihi, Sarufi na Uandishi wa Utafiti katika Shule za Sekondari



Mada niliyopewa ni pana kuliko muda niliopewa. Nimeombwa nizungumzie istilahi za fasihi, misingi ya sarufi na uandishi wa utafiti kwa kiwango cha shule ya sekondari, na kila moja kati ya hizo tatu ingetosha kuwa mhadhara unaojitegemea. Nimeamua kuzishughulikia pamoja kwa sababu naamini zimetenganishwa kimakosa. Katika ratiba ya vipindi sarufi ina siku yake, fasihi ina siku yake, na utafiti hauna siku. Unaachwa usubiri chuo kikuu. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi anayeijua istilahi kwa fasili yake tu hajaijua bado, na kwamba njia ya kumjulisha ni kumpa kazi ya mtafiti mapema, kwa lugha aliyonayo na kwa vitu vilivyo karibu naye.

Naomba nianze na kisa kifupi. Miaka kadhaa iliyopita niliketi nyuma ya darasa la kidato cha tatu, katika shule moja isiyo mbali na barabara iendayo Morogoro. Mwalimu aliuliza: ngonjera ni nini? Mikono mingi ikainuka. Binti aliyechaguliwa alisimama akajibu pasi na kusita kwamba ngonjera ni shairi la majibizano baina ya watu wawili au zaidi. Mwalimu akampongeza, akaandika fasili ubaoni, akaendelea na istilahi iliyofuata. Jibu lilikuwa sahihi, na katika mtihani lingepata alama zote. Lakini eneo la Ihumwa, alikozaliwa mtu aliyeipa nchi hii utanzu huo na jina lake, halikuwa mbali na pale tulipoketi, na jina lake halikutajwa na mwanafunzi, wala na mwalimu, wala nami niliyekwenda kukagua ufundishaji. Nilitoka darasani nikiwa na alama ya vema kwenye fomu yangu na aibu kidogo moyoni.

Ngonjera ilivyohitaji jina

Mathias E. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Katika maisha yake alipata kuwa mwalimu, karani, liwali na hakimu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, na mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Mwaka huo huo wa 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho hadi leo ndicho chemchemi ya mengi tunayofundisha kuhusu vina na mizani. Ninawataja pamoja kwa makusudi. Bado wako walimu, na wanafunzi wengi zaidi, wanaodhani kwamba ushairi wa Kiswahili na istilahi zake ni mali ya watu wa pwani, nasi wa bara tumealikwa tu. Wa pwani wana haki yao, tena kubwa. Tanzu za kale ni zao. Hata hivyo, aliyeziandika sheria hizo kwa namna ambayo shule iliweza kuzitumia alitoka kandokando ya Ziwa Tanganyika, na aliyebuni utanzu mpya alitoka Ugogo.

Kwa nini utanzu huo ulihitaji jina? Kujibizana kwa mashairi kulikuwapo kabla ya Mnyampala. Malumbano ya washairi yana umri mrefu, na magazeti yaliyapa kurasa. Katika malumbano, hata hivyo, kila mshairi hujitungia mwenyewe, hutetea upande wake, na ubishi waweza kwisha bila mshindi. Ngonjera ni jambo jingine. Hutungwa na mtu mmoja, hugawiwa wahusika, hughaniwa mbele ya hadhira. Mmoja hajui au anapinga, mwingine anaelimisha, na mwishoni wote wanakubaliana. Ilishamiri baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, hususan baada ya Rais Nyerere kuwaomba washairi mwaka 1968 wasaidie kueneza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Sasa irejeeni fasili ya yule binti. "Shairi la majibizano" linaacha nje jukwaa, linaacha nje hadhira, na linaacha nje maafikiano ya mwisho. Yaani linaacha nje yale hasa yaliyofanya jina jipya lihitajike. Mwanafunzi aliyeyajua hayo ana la kuuliza. Anaweza kuuliza kama maafikiano ya mwisho yamejengwa na hoja au yameamriwa na mtunzi. Anaweza kuuliza mpinzani amepewa beti ngapi, na kama hoja zake ni za mtu mwenye akili au za mtu aliyewekwa pale ili ashindwe. Hayo ni maswali ya uhakiki. Nami sifichi kwamba ngonjera nyingi tulizoghani mbele ya wageni wa heshima zilikuwa dhaifu: aliyekuwa akipinga katika ubeti wa pili alikwisha kutubu katika ubeti wa nne. Lakini kusema hivyo kwa ushahidi, kwa kuhesabu beti na kupima hoja, ni kazi ambayo kijana wa kidato cha tatu anaiweza.

Majina yaliyoazimwa na yaliyohama

Istilahi zetu nyingi za fasihi na sarufi zina asili ya Kiarabu, na mwanafunzi huziona kama mawe yaliyookotwa. Nimeona mara nyingi kwamba akionyeshwa ndugu wa neno hilo katika Kiswahili cha kila siku, jiwe hugeuka mbegu. Tashbiha ina ndugu: shabihi na shabihiana. Tashihisi ina ndugu: shakhsia, ndiyo kusema tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu. Tasfida ina ndugu: safidi, kupanga na kutengeneza vizuri, na kweli tasfida hulitengeneza neno lisiloweza kutamkwa mbele ya wakwe. Chuku, ambayo si ya ukoo huo, ilikuwa pembe ya kuumikia kabla haijawa jina la kutia chumvi katika maneno. Na takriri? Ndugu yake ni kariri. Tumefika mahali ambapo mwanafunzi anakariri fasili ya takriri bila kutambua kwamba anaitenda.

Yako pia maneno yaliyohama maana, na haya yana mafunzo makubwa zaidi. Kwa Kiarabu fasihi ni sifa ya msemaji mwenye lugha safi na ya wazi, ilhali sanaa ya maandishi huitwa kwa jina lile ambalo sisi tumelifanya kuwa adabu. Kiswahili kilichukua "adabu" kikaipeleka kwenye mwenendo mwema, kikachukua "fasihi" kikaipa sanaa. Riwaya ilikuwa simulizi inayopokewa kutoka kwa msimulizi hadi msimulizi. Leo ni kitabu kirefu cha nathari ambacho mtu hukisoma peke yake kimya. Sarufi, kwa asili yake, ni elimu ya maumbo ya maneno. Elimu ya mpangilio wa maneno katika sentensi ilikuwa na jina jingine, ambalo kwetu limekuwa nahau. Kamusi za zamani bado zinaitaja nahau kwa maana ya sarufi, ilhali katika shule za Tanzania leo nahau ni usemi kama "kupiga maji" au "kuvunja ungo". Kwa hiyo mwanafunzi akikuta nahau katika kitabu cha zamani asidhani mwandishi amekosea.

Istilahi nyingine zimetengenezwa na wataalamu wetu kwa kusudi maalumu, na tarehe zake zinajulikana. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Huko Kenya K.W. Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003. Kati ya vitabu hivi na vile vya shule hakuna mwafaka kamili. Kitabu kimoja kinasema jina, kingine nomino. Hapa tunasema tashbiha, kwa majirani zetu wa Kenya ni tashbihi. Hata kitu kipya kabisa kama programu za kompyuta zinazotunga maandishi tumekipa majina mawili, akili mnemba na akili unde. Walimu wengi hulalamika kwamba hali hii inawachanganya wanafunzi. Mimi huona kwamba kinachowachanganya ni kufichwa. Mwambie mwanafunzi kwamba istilahi ina mtu aliyeitunga na sababu ya kuitunga, naye ataelewa kwa nini watu wawili wametunga mbili.

Mfano ninaoupenda ni ngomezi. Mwaka 1989, katika jarida la Mulika, M.M. Mulokozi aligawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Hiyo ya mwisho ni ngoma inayosema, ngoma inayopeleka ujumbe. Kitu kilikuwapo, jina likafuata. Miaka miwili kabla yake, katika jarida hilo hilo, May Balisidya, mwandishi wa riwaya ya Shida ya mwaka 1975, naye alikuwa ameandika juu ya tanzu na fani za fasihi simulizi. Migawanyo ya wataalamu hawa haifanani, nayo ingefaa iwekwe mbele ya wanafunzi kama hoja zinazoshindana. Badala yake huletwa darasani kama orodha isiyo na mwenyewe.

Mizani, mtu na munhu

Nije kwenye sarufi, na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi ya kuitenga na fasihi.

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Kisha hupewa mshororo ahesabu, naye hukosea kwenye maneno yanayoanza kwa m. Tuchukue vipande viwili nilivyovitunga kwa ajili ya zoezi hili: "mtu mzima hasemi" na "mbuzi wa mzee Juma". Kila kimoja kina mizani nane. Katika cha kwanza tunahesabu m-tu, m-zi-ma, ha-se-mi. M ya "mtu" ni mizani kamili na m ya "mzima" vilevile. Katika cha pili tunahesabu mbu-zi, wa, m-ze-e, Ju-ma. M ya "mzee" imehesabiwa lakini m ya "mbuzi" haikuhesabiwa. Mwanafunzi anauliza kwa nini. Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba ndivyo ilivyo, azoee.

Jibu lenyewe ni la sarufi, na mtoto wa Dodoma huja nalo shuleni kutoka nyumbani. Kwa Kigogo mtu ni munhu, na watu ni wanhu. Kiambishi cha ngeli ni mu-, chenye irabu yake. Kiswahili kilikuwa na irabu hiyo kikaiangusha. Lakini kilipoiangusha hakikuiangusha silabi, ndiyo maana m ya "mtu" inasimama peke yake na kupewa pumzi yake. Katika "mbuzi" hakukuwa na irabu iliyodondoka: m hapo ni sehemu ya mwungano mb, nayo huenda pamoja na irabu inayofuata. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wa Mvumi au Chilonwa walitamke neno la nyumbani kisha la Kiswahili, kanuni ya mizani inathibitika darasani, kwa midomo yao wenyewe. Nimeona vijana wakishangaa kwamba lugha ambayo waliwahi kukatazwa kuizungumza katika uwanja wa shule ndiyo inayoeleza ushairi wa Kiswahili. (Mjanja mmoja aliniuliza kuhusu "mbwa". Swali zuri: mkazo unaangukia m, kwa hiyo washairi huihesabu m-bwa, mizani mbili. Maneno mafupi yana sheria yao.)

Ndivyo ilivyo pia kwa ngeli. Vitabu vya zamani viliziainisha nomino kwa maumbo ya viambishi vyake: M-WA, M-MI, KI-VI na kadhalika. Muhtasari wetu hutumia upatanisho wa kisarufi: A/WA, U/I, KI/VI, LI/YA na nyinginezo. Mwanafunzi huletewa mgawanyo wa pili bila kuambiwa kwamba kulikuwa na wa kwanza, wala tatizo gani liliwafanya wataalamu wahame. Neno moja latosha: kifaru. Kwa umbo lake ni KI-VI. Lakini tunasema "kifaru amekufa", "vifaru wamekufa". Na kile kifaru cha jeshi? "Kimeharibika." Umbo ni lile lile, upatanisho ni tofauti. Mwanafunzi aliyekusanya majina kumi ya wanyama na vitu, akayapanga kwa njia zote mbili na kuandika ni wapi kila njia inakwama, amefanya uchambuzi wa kiisimu. Hakuhitaji maabara.

Somo moja, lugha mbili

Tusisahau kwamba kijana huyu anasoma fasihi mara mbili. Asubuhi anaifundishwa kwa Kiswahili, baada ya mapumziko anaifundishwa kwa Kiingereza, na walimu wawili huenda hawajawahi kukaa pamoja wakalinganisha istilahi zao. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kuwa lugha ya kujifunzia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilivitaja Kiswahili na Kiingereza pamoja kuwa lugha za kufundishia, hata hivyo sekondari za serikali ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mjadala huo ni mkubwa na sina nia ya kuumaliza leo. Nataka tu kuonyesha kinachotokea pale mwanafunzi anapobeba istilahi kutoka kipindi kimoja hadi kingine kana kwamba ni mzigo ule ule.

Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi. Mizani ya ushairi wa kimapokeo wa Kiingereza hutegemea mikazo: mshororo wa soneti ya Shakespeare una silabi kumi kwa kawaida, lakini kinachousukuma ni ile mikazo mitano. Mwanafunzi anayehesabu silabi peke yake atapata kumi, atafurahi, na hatausikia mdundo. Kina nacho ni vivyo hivyo. Kwetu salama, huruma na kisima vina kina kimoja, yaani -ma, silabi ya mwisho isiyo na mkazo. Kwa kanuni ya Kiingereza ulinganifu wa sauti huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kwa kipimo hicho salama na kisima havilingani kabisa. Wala si kweli kwamba moja ni sanaa bora kuliko nyingine. Kila lugha imepima kwa kile ilicho nacho: mkazo wa Kiswahili hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo haukufaa kuwa kipimo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, ubishi uliozuka ulikuwa juu ya swali hilo hasa: je, kipimo ndicho ushairi? Mwanafunzi asiyejua kipimo kilitoka wapi hawezi kushiriki katika ubishi ule, atachagua upande tu.

Katika sarufi nitatoa mfano mmoja. Kijana aliyezoea kutafsiri kutoka Kiingereza huandika: "Nimenunua kitabu kwa mtoto." Alikusudia kusema kwamba mtoto ndiye atakayekipata. Alichoandika ni kwamba mtoto ndiye aliyekiuza. Kiswahili kingesema: "Nimemnunulia mtoto kitabu," kwa kuwa kazi ambayo Kiingereza huipa neno dogo linalosimama peke yake, sisi huipa kiambishi ndani ya kitenzi. Kwa sababu hiyo hiyo kijana yule akiandika Kiingereza huliacha lile neno dogo, akiamini kitenzi kimekwisha kulibeba. Makosa mawili, kipindi hiki na kile, yana chanzo kimoja. Walimu wawili wakisahihisha kila mmoja kwa kalamu yake nyekundu hawatakiona.

Siku za Mtunya

Uandishi wa utafiti nimeuweka mwisho, ingawa ndio unaoyabeba yote niliyoyasema. Kwa mazoea yetu mwanafunzi wa sekondari huandika insha: utangulizi, hoja tano, hitimisho. Hoja hizo tano hutoka kwenye daftari la aliyemtangulia, na aliyemtangulia alizitoa kwa mwingine. Wanafunzi wenyewe wana neno lake, "kudesa", na sasa zimekuja programu zinazodesa kwa kasi kuliko binadamu. Sidhani kwamba dawa ni onyo. Dawa ninayoijua ni kumpa mwanafunzi swali ambalo jibu lake halimo katika daftari la mtu yeyote, kwa sababu limo kijijini kwao.

Mnyampala alilifanya hilo kabla yetu. Kitabu chake cha 1954 kinaeleza asili za koo na desturi za Ugogo, mambo ambayo hayakuwa yakingoja katika maktaba yoyote; yalikuwa katika vinywa vya wazee. Anayekwenda kwa wazee leo atakutana na matatizo aliyokutana nayo yeye. La kwanza ni wakati. Mzee hasemi "mwaka 1919". Atasema jambo lilitokea siku za Mtunya, kama alivyosimuliwa na baba yake. Mtunya ni jina la njaa kuu iliyolikumba eneo hili tangu mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1920, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Mwanafunzi anayesikia jina hilo ana kazi tatu: kulinukuu kama lilivyotamkwa, kutafuta katika maandishi miaka inayolingana nalo, na kuuliza kwa nini watu waliihesabu miaka kwa njaa zake. Ya kwanza ni unukuzi, ya pili ni mapitio ya maandiko, ya tatu ni uchambuzi. Hayo matatu ndiyo tunayoyadai katika tasnifu za uzamili.

Tatizo la pili ni lugha ya ushahidi. Ninawasihi walimu wasikubali kazi ambayo maneno ya msimulizi yametolewa kwa Kiswahili pekee ikiwa alisema kwa Kigogo, Kirangi au Kikaguru. Ukurasa ugawanywe: upande mmoja maneno kama yalivyosemwa, upande wa pili tafsiri. Aandike pia ni nani aliyekuwapo, kama ilikuwa jioni au mchana, kama watu waliitikia na waliitikia nini, kwa maana masimulizi bila waitikiaji ni nusu ya masimulizi. Na kabla ya yote aombe ruhusa. Bibi akisema jina lake lisiandikwe, lisiandikwe. "Msimulizi wa kike, umri wa zaidi ya miaka sabini" yatosha kwa mwalimu.

Tatizo la tatu ni ukubwa wa swali. "Umuhimu wa fasihi simulizi katika jamii" si swali, ni uwanja usio na mpaka. Atakayeingia humo atarudi na hoja tano zile zile. Swali la mwanafunzi liwe dogo kiasi cha kuweza kukosewa. Kwa mfano: je, nyimbo tano za jando au za mavuno nilizorekodi kijijini zina mishororo yenye idadi sawa ya silabi? Dhanatete: hazina. Data: nyimbo tano. Njia: kuhesabu, mara moja kwa maneno yaliyoandikwa na mara moja kwa jinsi yalivyoimbwa, maana mwimbaji huvuta silabi na kuzimeza. Kurasa nne zinatosha. Akigundua kwamba dhanatete yake imeanguka katika nyimbo mbili, aandike hivyo hivyo. Hapo ndipo mwalimu wa sarufi, mwalimu wa fasihi na mwalimu wa Kiingereza watakapojikuta wanasahihisha karatasi moja.

Nimebakiwa na ombi moja kwa walimu mliomo humu. Katika ule ukurasa uliogawanywa ongezeni safu ya tatu, ya vitu ambavyo mwanafunzi hakuvipatia jina. Nitoe kielelezo. Wanawake wa Kigogo hupiga ngoma za muheme wakicheza na kuimba, na wanaume huimba kwa sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, wakisindikizwa na zeze na ilimba. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo wa kwetu hadi majukwaa ya Ulaya. Katika tanzu sita za Mulokozi muheme tutauweka wapi? Ni ushairi kwa maneno yake, una maigizo katika miili ya wachezaji, na ngoma yenyewe haisindikizi tu, ingawa siwezi kusema kwamba ni ngomezi, kwa sababu sijasikia ikipeleka ujumbe kwa walio mbali. Huenda mwanafunzi wa Bahi amesikia. Safu hizo za tatu, hata zikiwa zimeandikwa kwa penseli na zina makosa ya tahajia, tuleteeni hapa chuoni kila mwisho wa muhula, zikiwa na jina la shule na tarehe ya kurekodi.